Posa ya Malkia

Nasrin, ni Jumamosi saa kumi jioni. Kihesa kuna baridi na manyunyu.

Shemeji yangu Faraji amekuja kutoka Mbeya na dume lake, Duma, ili limpande mbwa wangu Malkia. Ameleta na kreti ya soda. Anasema ni posa!

Duma ni kaka yake Malkia. Mama mmoja, baba mmoja, mzao mmoja.

Nikamwambia, "Shemeji, hawa ni ndugu."

Unajua alijibu nini? "Ndiyo maana nimekuja! Damu ikirudi kwenye damu, mbegu inazidi kuwa safi. Na wote wamesajiliwa, wana vyeti."

Vyeti! Cheti kinaeleza ukoo wa mbwa. Hakiponyi nyonga. Mama yao anachechemea kwa ugonjwa wa nyonga wa kurithi, na Faraji anajua.

Akawageukia watu wote sebuleni: "Jamani, shemeji anamnyima mbwa wake mume!" Wakacheka. Hata mume wangu Mrisho alicheka.

Nikasimama. "Mume atapata, wa ukoo mwingine, na daktari atampima nyonga kwanza. Kaka yake hamwoi hapa kwangu."

"Shemeji, watoto nimeshawaahidi watu."

"Waambie bibi harusi amekataa."

Kicheko kikahamia upande wangu.

Baada ya hapo, Faraji alimrudisha Duma garini. Mrisho alimfungulia geti bila kuambiwa. Mama mkwe alifungua soda, akasema posa ikikataliwa kreti hairudi. Mimi nilifunga geti. Malkia alilala mlangoni.