Hodi Chini ya Nyumba ya Mama

Bostanlı, İzmir
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Müzeyyen,

Salamu nyingi zikufikie huko Hamburg, wewe na shemeji, na Defne binti yako na wanawe. Natumaini mgongo sasa unakuacha ulale. Mimi sijambo, magoti hunung'unika nikipanda kilimani, lakini chai bado naichemsha mwenyewe.

Kustaafu ualimu kumenirudisha kazini. Unazijua nyaya za intaneti zilizofukiwa chini ya mitaa yetu? Ndani yake mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na mwanga hupita humo. Ardhi ikitikisika, uzi huvutika kidogo mno, na mwanga unaorudi huwa umebadilika. Kwa hiyo waya uleule unaowaletea watu picha na soga husikiliza pia matetemeko, mtaa kwa mtaa, hata yale asiyoyahisi mtu. Nikitazama kwenye skrini hatua za wapita njia, na feri ikigusa gati, huona kama mji mzima umesinzia na mimi nimeketi kando nikisikiliza pumzi zake.

Kazi yangu ni kutembea na nyundo ya mpira nikigonga barabara, ili Gülfem, mhandisi aliyeko ofisini, ajue kipande kipi cha waya kiko mbele ya nyumba ipi. Jumatatu nilifika kwetu, mbele ya nyumba ya Mama. Jirani yetu Nermin akaniona toka roshani, akauliza nambishia nani hodi, maana huko chini hakuna wa kunipikia chai. Nikamjibu kwamba hata yeye aliye juu hajanipikia tangu Ramadhani. Nikagonga mara tatu. Gülfem akacheka kwenye simu: mwalimu, nimesema ugonge, si upige ngoma. Nikamwambia nimegonga tatu tu. Akaniomba nirudie; kwenye skrini yake mtikisiko ulikuwa bado haujakoma.

Alhamisi likapita tetemeko dogo kutoka ghuba. Chai yangu haikucheza hata kidogo. Kwenye waya wa kilimani lilikwisha upesi. Mbele ya nyumba ya Mama ardhi iliendelea kuyumba, kama mtindi kwenye bakuli lililoguswa, muda mrefu baada ya mitaa mingine kutulia. Chini ni tope.

Müzeyyen, tope hilo nililijua. Kiangazi kile cha kuchimba msingi wewe ulikuwa na miaka sita, mimi mwaka wa pili chuoni nikisomea miamba. Niliona shimoni maji meusi na mizizi ya matete. Lakini Baba alikuwa keshachinja kondoo wa msingi, majirani wanakula. Akanipaka damu kipajini, akaniuliza mbele ya wote ardhi inasemaje. Nikasema, "Nzuri, Baba." Wakapiga makofi. Sikuwa na moyo wa kumharibia siku yake. Miaka hamsini mmelala juu ya maneno yangu mawili.

Sasa unaniandikia kwamba Defne atahamia katika nyumba hiyo tupu na watoto mwezi wa tisa. Asihamie. Ufunguo nimeutoa chini ya chungu cha mrehani, ninao mfukoni. Kwangu kilimani ni juu ya mwamba. Nimeshawatandikia vitanda katika chumba kinachotazama ghuba. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila usimruhusu.

Nakubusu macho, na ya watoto pia. Jibu hili lilikuwa la Baba. Limechelewa, limekufikia wewe.

Kaka yako,
Nüzhet