Alimeza au Hakumeza

Woodley,
Jumatatu

Kaka Kitonga,

Mama alipoteza jina langu Jumatano ya kwanza ya mwezi huu, mchana, wodi ya wanawake, orofa ya tatu. Nilikuwa nimemshika mkono. Akaniuliza mimi ni binti ya nani, na kama nimekuja kuuza mayai. Hilo nimelitanguliza ili usije ukasema nilianza kwa matusi.

Sasa nikusalimu, maana tulilelewa vizuri. U hali gani? Virginia na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Jiko langu la Kenyatta Market bado linawaka, mbuzi bado wanaliwa, na wateja bado wanalalamika kwamba nimewapimia mfupa. Nimekupigia simu hadi nikachoka. Uliponitoa kwenye grupu ya familia nilijua umebaki wa kufikiwa kwa karatasi tu. Barua hii nampa Nzuki, askari wa geti lako, mkononi, na nitasimama hapo Spring Valley mpaka nimwone ameingia nayo ndani. Kwa hiyo usiseme haikufika.

Habari za Mama ndizo hizi, kwa sababu tangu ulipokuja na mchungaji wako mkapiga picha kando ya kitanda, hujatia mguu wodini. Jina langu limerudi. Limerudi kama stima ya mtaa wetu, inapepesa kwanza, inazimika, halafu inakaa. Kwanza aliniita Ngina, dada yake marehemu, siku mbili nzima, na mimi nikaitika. Figo zilizokuwa zimegoma zimeanza kufanya kazi. Uji anakunywa, na anagombana na nesi kuhusu sukari, jambo ambalo daktari amesema ni dalili njema. Kutembea hatembei. Nyonga ni ile ile mbovu aliyoingia nayo, maana hawakuibadilisha. Walimpa dawa ya nusukaputi, presha ikaporomoka kabla kisu hakijagusa ngozi, wakahangaika kumrudisha duniani, wakamtoa thieta bila kumfanyia kitu.

Wewe ulisimama pale kwenye korido ukatangaza kwamba wamemzidishia dawa na kwamba utawashtaki. Nilipouliza walizidisha kiasi gani, na nani kakwambia, ulinijibu mbele ya watu kwamba kazi yangu ni mbuzi, mambo ya hospitali nikuachie wewe uliyesoma. Nilijisomesha kwa moshi wa hao mbuzi, Kitonga, lakini nilinyamaza, maana Mama alikuwa upande wa pili wa mlango.

Kuna jambo la siku ya pili tangu jina langu lipotee sikukwambia. Nesi wa zamu, mtoto wa Nairobi asiyejua Kikamba hata cha salamu, alinipigia akasema shosho, yaani bibi, anaita manzi, manzi, tangu asubuhi, nije haraka. Kwa Sheng yake manzi ni msichana, akadhani Mama anamtaka binti yake. Na mimi mjinga nikadhani jina langu limerudi. Niliacha mguu wa mbuzi kwenye ubao nikaruka bodaboda na aproni yangu ya damu, hadi mlinzi wa hospitali akataka kunipeleka chumba cha majeruhi. Nikamkuta Mama amekodolea dripu macho. Kwetu manzi ni maji, wajua. Maji yanamwingia mshipani, na yeye bado anaomba maji kama mtu aliyenyimwa. Nesi akaniambia wazee huchanganyikiwa hivyo baada ya thieta, nisishtuke. Sikushtuka. Ningejua, ningeshtuka.

Turudi nyuma kidogo. Wiki mbili kabla ya upasuaji tulikaa wote watatu, wewe, mimi na Mama, mbele ya Daktari Waithera, huyu wa kuwalaza wagonjwa kwa nusukaputi. Unakumbuka alichosema, kwa sababu ulikuwa unatikisa kichwa kama mzee wa kanisa. Alisema miaka sabini na minane peke yake si ugonjwa. Hatari ya mzee, alisema, iko katika kile anachoingia nacho thieta: moyo, figo, chakula, maji, na dawa anazomeza. Alipima vyote akaridhika. Akaagiza Mama ale vizuri wiki ile, anywe maji ya kutosha, vidonge vyake viwili vya presha aendelee navyo, ila kimoja, kile cha kukojosha, aache siku ya kuamkia upasuaji. Chakula kikome usiku, maji matupu anywe hadi asubuhi akiondoka nyumbani. Mambo hayo hata kuku angeyashika.

Nikasema Mama akae kwangu. Ukacheka. Ukasema Woodley maji hukatika kila mara, mgonjwa atakaaje bila maji. Maneno yako hayo, si yangu. Nikakubali, nikamfungia nguo zake nikamleta kwako.

Asubuhi ya upasuaji tulikutana mapokezi. Mama alikuwa na midomo mikavu, nikadhani ni woga. Nesi akauliza, amefunga? Wewe ukatoa kifua mbele ukajibu, amefunga kabisa, sista, tena vizuri sana. Nesi akasema safi, Mungu awabariki, akaandika. Nilikuwa hapo hapo. Nilisikia kama alivyosikia nesi: kwamba Mama hakula tangu usiku.

Jumamosi iliyopita Nzisa, yule anayeongoza kikundi chenu cha maombi, alikuja kwangu sokoni na wenzake kula baada ya mkutano. Aliponitambua kuwa dada yako alinikumbatia. Akanitia moyo nisikate tamaa, Bwana hawezi kumwacha Mama, baada ya mfungo kama ule. Nikauliza mfungo gani. Akashangaa kwamba sijui. Akanieleza kwa fahari, huku anatafuna mbavu zangu, kwamba wewe, mwana wa Mama, ndiye uliyemwongoza: siku tatu kavu, si chakula, si tone la maji, hadi asubuhi ya upasuaji. Akasema hata mate Mama alikuwa akiyameza kwa shida, lakini alisimama imara, mama shujaa. Wenzake wakasema amina. Nikawakatia nyama yao, nikalipwa, nikaenda nyuma ya jiko nikakupigia simu, hukushika.

Kumbe neno ni moja na kila mtu ana lake. Nesi alikuuliza kufunga kwa hospitali, ukamjibu kufunga kwa madhabahu. Ukasifiwa, ukafurahi. Na usinipe hadithi kwamba nachukia maombi. Mama amefunga maisha yake yote, alifunga hata tulipokuwa tunafanya mitihani, wewe ukapita na mimi nikaanguka, na sikumlaumu Mungu. Lakini wakati ule alikuwa na miaka arobaini na maini ya chuma. Najua pia uliogopa. Baba aliingia thieta na henia tu akatoka amefunikwa shuka, na wewe ndiye uliyekuwa umekaa kwenye benchi. Hofu yako naielewa. Ila hofu ilikuwa yako na kiu ikawa ya Mama.

Basi sikiliza hili kwa makini. Jana nilimwambia Daktari Waithera kuhusu mfungo. Nimemwambia yote, na jina lako. Nilidhani atapiga meza. Hakupiga. Alifungua faili, akanionyesha pale palipoandikwa kwamba mwili wa Mama haukubali dawa ya nusukaputi, akasema kwa maandishi hayo hakuna daktari atakayekubali kumlaza tena. Akaniambia hatari ya kumpasua ipo, hawezi kuifanya sifuri, lakini ya kumwacha kitandani nayo ipo: mapafu, damu kuganda, vidonda vya mgongo. Kazi yake ni kuzipima zote mbili, na mpaka jana alikuwa akipima kwa jiwe la uongo.

Kisha akaniuliza swali moja. Katika siku zile tatu, Mama alimeza vidonge vyake vya presha? Nikasema sijui. Akasema hapo ndipo njia inagawanyika. Kama alivimeza juu ya mwili uliokauka, kikiwemo kile cha kukojosha, basi presha kuporomoka kuna maelezo, figo zina maelezo, na wakimlisha na kumnywesha vizuri anaweza kulazwa tena akatoka anatembea. Kama hakuvimeza, basi ukavu peke yake hautoshi kuwa maelezo. Lazima wauchunguze moyo upya kabla ya mtu kugusa sindano, wasije wakamuua mara ya pili. Akakataa kubahatisha. Madaktari wanakaa Ijumaa asubuhi kuamua.

Nimemuuliza Mama. Jana mchana alisema alimeza. Jioni akasema hakumeza. Zile siku zimefutika kichwani mwake. Leo amechoka na maswali yangu, akaniambia nimuulize Kitonga, yeye ndiye alikuwa anaweka vidonge mezani. Virginia alikuwa semina Naivasha. Msichana wa kazi ulimpa likizo ili nyumba iwe ya maombi. Kwa hiyo duniani humu kuna mtu mmoja tu anayejua, na huyo mtu hashiki simu.

Nakuona unavyopiga hesabu. Ukisema alimeza, wewe ndiye uliyempa dawa juu ya mwili mkavu. Ukisema hakumeza, wewe ndiye uliyemwachisha dawa za daktari. Yoyote utakayosema, kesi yako dhidi ya hospitali imekufa. Acha ife. Zile karatasi za wakili ulizotaka nitie sahihi nimezirudisha ndani ya bahasha hii, safi kama ulivyozileta. Wala sikutaki uombe msamaha, si kwangu, si leo. Ukinyamaza, Ijumaa wataandika kwamba haijulikani, na kisichojulikana hawatakigusa. Mama ataletwa kwangu Woodley kulala chali mpaka afe. Nitamlea, mgongo wangu umezoea mizigo. Lakini kila atakapouliza kwa nini hatembei, nitamjibu ukweli, na atauamini, kwa sababu ananijua kwa jina.

Wasalimie Virginia na watoto, mwambie nguo za Mama zilizobaki kwenu Nzuki anaweza kunipa getini. Mama hajakukasirikia. Anauliza tu mbona huji, nami namwambia una kazi nyingi.

Nambari ya Daktari Waithera iko nyuma ya karatasi hii. Mpigie yeye, usinipigie mimi. Hataki mahubiri, hataki wakili, anataka neno moja, na anataka kulisikia kabla ya saa kumi jioni, Alhamisi. Alimeza, au hakumeza?

Dada yako,
Kanyiva