Mabati ya Plastiki Uliyoyapaka Rangi

Kwako Kioko, uliyekuwa ndugu yangu,

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti, ule wa dakika tisa, nikiwa kwenye kiti changu cha lindo hapa Manfuha, Riyadh. Dakika nane umezungumza juu ya mapaa. Ya tisa ndiyo ukakumbuka kuniomba ruhusa ya kumwoa dada yangu Mbithe, kwa kuwa baba hayupo na mimi ndiye mkubwa. Wewe una macho makavu kweli.

Haya, tuanze na mapaa basi, maana ndiyo unayoyapenda. Unasema huko uliko sasa, kaskazini kabisa, ambako msimu wa baridi jua halichomozi, paa husimamishwa kwa mwinuko mkali ili theluji iteleze. Boriti ni nene, kwa sababu theluji iliyolala majuma ina uzito wa lori. Chini ya mabati wanashindilia pamba nzito, joto la ndani lisipande likaiyeyusha theluji, maji yakateremka hadi ukingoni, yakaganda tena na kuziba njia, yakarudi ndani ya nyumba. Nimeelewa yote. Siku zote ulijua kueleza, na ndiyo maana nilikuwa nakuamini.

Unakumbuka tulivyofika Riyadh? Ajenti alituahidi udereva, tukakabidhiwa ndoo na rola. Tulikuwa tunaziba nyufa kwa lami kwenye mapaa bapa ya mtaa huu huu, tukianza alfajiri, kwa sababu ikifika saa nne ile lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Siku soli yangu ilipobanduka ulinivalisha kiatu chako, ukazungushia mguu wako gunia, ukashinda ukicheka kama mwendawazimu. Nilikupenda siku ile. Nilipiga simu nyumbani nikamwambia Mbithe nimepata ndugu, nikampa nambari yako akusalimie. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kisha kafili, yule mwajiri aliyetudhamini, akatupeleka Jeddah, kwenye lile ghala la Al-Mahjar. Paa lote lipakwe rangi nyeupe ya kurudisha joto. Katikati ya mabati ya chuma kulikuwa na yale ya plastiki ya kuingiza mwanga, yaliyokaangwa na jua hadi yakawa hayawezi kubeba hata paka. Tulikubaliana, wewe na mimi, hatukuambiwa na mtu: plastiki haipakwi, na anayetangulia na rola anabandika mkanda mwekundu pembeni yake. Rangi ikishapita juu, huwezi kujua kipi ni chuma na kipi si chuma. Hayo maneno yalikuwa yako.

Siku ile ulitangulia wewe. Msimamizi alikuwa chini akipiga kelele yalla, yalla, kazi iishe kabla ya adhuhuri. Ukapitisha rola moja kwa moja, chuma na plastiki, wala hukubandika mkanda. Mimi nilikuwa nyuma yako na ndoo, nikirudia rangi mara ya pili pale ulipopita. Nikakanyaga plastiki nikidhani ni chuma, ikapasuka, nikaangukia magunia ya mchele, ndiyo sababu niko hai kukuandikia. Nyonga ilivunjika, na mguu umebaki mfupi hadi leo.

Lakini si kuanguka kunakonikera, Kioko. Mtu hukosea. Ulishuka ngazi ukasimama karibu na kichwa changu, msimamizi akauliza kumetokea nini, ukamjibu, "Alikuwa anachezea simu."

Simu yangu ilikuwa kambini, kwenye chaja. Wewe ndiye uliyeichomeka asubuhi. Nilikuwa nakutazama machoni, na ukayahamisha macho. Halas, nikaandikwa mzembe, na hakuna aliyeuliza tena. Nilipojaribu kusema, kila mtu aliniambia hata rafiki yako amekubali ulikuwa kwenye simu.

Sasa sikiliza maneno yako mwenyewe, dakika ya sita. "Theluji ikifunika madirisha ya paa huwezi kujua yalipo, kwa hiyo kabla ya baridi tunasimika vijiti vyekundu, na hapandi mtu bila kamba." Nimeyarudia mara tatu nikidhani utasita kidogo, utakohoa, utakumbuka. Wapi! Unajisifu. Umewawekea Wazungu vijiti vyekundu, mimi ukaninyima mkanda wa kubandika. Nakuchukia kwa hilo. Na bado nikiona paa zuri nataka kukuonyesha, jambo linaloniudhi kuliko chuki yenyewe.

Hukusema neno juu ya mguu wangu. Uliuliza tu kama nimepoa.

Sijapoa. Mbuzi wako wa mahari wasifikishwe kwa mama. Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, lakini Mbithe si mtoto, na wewe ulimposa yeye, si mimi. Jana nilimpigia nikamsomea barua hii yote hadi hapo. Akaniomba nirudie pale pa simu. Kumbe hata yeye ulishamwambia habari ya simu, na miaka hii yote amekuwa akinionea huruma kwa uzembe wangu.

Ameniomba nikwambie hivi: Jumapili baada ya ibada atakuwa ameketi na mama, na wewe utawapigia simu uwaambie wote wawili nani aliipaka ile plastiki. Ukisema kweli, ataamua mwenyewe, sitamzuia.

Ameniuliza kama nadhani utasema. Nimemjibu kwamba sijui.

Kaka yake Mbithe,
Musau