Gobori Ulilotuachia Ukutani

Baba,

Siianzi barua hii kwa kukuuliza hali. Hali yako anaijua Mola. Ya kwetu umeiharibu wewe. Mwanao Swaleh yuko rumande kwa sababu ya gobori lako.

Tulipomaliza matanga yako alilitoa hapa nyumbani Mountain View akalitundika dukani kwake mjini, juu ya kanzu na kofia. Maskini, aliona fahari. Si ulituapia sote: "Hili ni pambo tu. Serikali haina shughuli na pambo." Akaja mteja wa kofia, kumbe polisi. Akaomba alishike, akalifungua kwa nyuma, akaona pa kutilia risasi, na duka likafungwa siku hiyo hiyo.

Mahakamani mtaalamu wa silaha aliligeuzageuza kama mama anayekagua samaki sokoni. Alieleza kwamba gobori la kale la kushindilia baruti, likikaa ukutani kama pambo, sheria hulitazama kwa jicho jingine. Letu lilikuwa limetiwa mtutu mpya ndani ya ule wa zamani. Hakimu akauliza, basi tuliite la kale au la kisasa?

"Mbao ndio ya zamani, mheshimiwa," akajibu. "Lakini inapiga risasi ya leo. Hii ni bunduki kama bunduki ingine, na haina leseni."

Hapo nikakumbuka wiki ya harusi yangu. Nilikuendesha mpaka kwa fundi wa vyuma, ukasema linakwenda kusuguliwa kutu, ukaniacha garini. Kwetu bwana harusi hafiki mlangoni bila gobori kulia, na baruti ulikuwa umeikosa. Uliogopa lisije likanyamaza mbele ya wakwe wa Lavington. Lililia mpaka walinzi wa mtaa wakaja mbio, nawe ukacheka, ukanishika mkono. Nilikupenda sana siku ile, na ndiyo inayoniuma.

Ulijua, Baba. Miaka yote ulikaa chini yake ukinywa kahawa yako, ukafa bila kumwonya mwanao. Hasira yangu haijapoa, wala sitaki ipoe.

Ami Athman amenikataza kukutaja mahakamani. Anasema marehemu hasemwi, tena aliyekuwa mwalimu wa madrasa, watu watatuonaje. Na Swaleh, nilipokwenda kumwona, hakuniomba nimtoe. Alinigusa vidole kwenye wavu akasema, "Baba usimtaje, dada. Mimi nitakaa." Amekonda, Baba. Mashavu yameingia ndani. Anakulinda wewe, ambaye hukumlinda hata kwa neno moja.

Kesho nitasimama mbele ya hakimu nilitaje jina lako lote, na la babu, wajue ni nani aliyelipeleka gobori kwa fundi. Ami akasirike. Swaleh asiseme nami. Atoke tu.

Nikirudi nitakusomea Yasini, maana hiyo ni haki yako kwangu. Usidhani nimetulia. Lala, Baba. Mungu akusamehe, Yeye anaweza. Mimi bado.

Binti yako,
Rukia