Msiba wa Kuigiza

Jumatatu, 3 Juni 2024
Leo tena nimevunjiwa gitaa. Baba wa kwenye filamu hakuridhika na alivyolibamiza chini, ikabidi turudie. Magoti yanauma. Vumbi hadi masikioni. Neema, mwongozaji wetu, anatengeneza filamu ya kuchekesha inayozikejeli filamu za maisha ya wanamuziki. Anasema zote ni moja: mtoto maskini anagonga kopo, kijiji kizima kinanyamaza. Baba anavunja gitaa. Mke anasimama mlangoni na begi. Pombe. Kifo. Wote wanajuta. Mwanamuziki ni mimi. Ujana wangu wote nilipiga gitaa kwenye bendi za dansi, na kila kichekesho anachoandika kilishanipata. Sijamwambia.

Jumatano, 5 Juni
Siku nzima ya mke na begi. Walicheka wote, hata mpishi. Nimechoka hata kula.

Keshokutwa nazikwa. Kwenye filamu za aina hii binti aliyemsusa baba hufika amechelewa, akalilia jeneza. Neema amempa nafasi hiyo mwanamume mwenye ndevu, atavaa gauni. Nilicheka sana. Halafu nikamkumbuka Rehema, binti yangu, yuko Chemba anafanya biashara ya mbuzi. Siku ya harusi yake nilikuwa jukwaani Morogoro. Tangu hapo hapokei simu zangu. Namkumbuka kila siku, huo ndio ukweli.

Ijumaa, 7 Juni
Nilitoa uwanja wangu hapa Mtumba utumike. Ujinga. Turubai, viti, jeneza, picha yangu imewekwa utepe mweusi. Huku mtu akiona turubai haulizi. Jirani yangu Mama Chomola alikuja na unga. Nyuma yake akina mama wa jumuiya, kuni vichwani, wakakaa mkekani na kuanza kulia. Wanaume wakakoka moto. Mimi nimo kwenye jeneza, nasikia nikisifiwa na watu ambao hata kunisalimia hawanisalimii. Nilipoinuka, mzee mmoja alikimbia akaacha kiatu. Tumeomba radhi hadi jioni. Mama Chomola alibeba unga wake akaondoka, hakutaka kuniangalia. Hatukupiga picha hata moja.

Jumamosi, 8 Juni
Tulirudia asubuhi. Mwenye ndevu kajilaza juu yangu anagaragara, watu wa kamera wanajikaza wasicheke. Nimefumba macho. Nikasikia kilio kingine, na hicho hakikuwa cha kuigiza.

Rehema. Mama Chomola alimpigia jana alipoona turubai. Kwa ile aibu, akasahau kumpigia tena kumwambia niko hai. Rehema alimsukuma mwenye ndevu, akanishika uso kwa mikono miwili. Nikafumbua macho. Nyuma ya kamera mtu akacheka.

"Nimelia njia nzima kutoka Chemba," alisema. "Kumbe ni muziki wako tena."

Hata maji hakunywa. Akaondoka.

Kamera ilikuwa inarekodi. Neema anasema hajawahi kupata kipande kama kile, na filamu iishie hapo. Nimekitazama. Kweli ni kizuri. Nimejichukia.

Jumatatu, 10 Juni
Nimemwambia Neema akifute. Amekasirika. Anasema naiua filamu yangu mwenyewe, na sidhani kama amekosea. Kwa umri huu nani atanipa nyingine? Anasema pia binti yangu hatajua kama tumekitumia. Nilisimama nyuma yake mpaka kikafutika. Ameondoka bila kuniaga. Naumia, lakini nimechoka mno kumfuata.

Jumatano, 12 Juni
Chemba. Basi, kisha miguu. Baridi, upepo. Nilimkuta Rehema zizini. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikamwambia kile kipande kimefutwa. Akaendelea kuhesabu mbuzi. Nikageuza ndoo, nikakaa. Jua likazama nikiwa hapo hapo. Watoto walikuwa wananichungulia mlangoni, hawanijui.

Akasema bila kugeuka, "Mwamkieni babu yenu."

Wakaja mmoja mmoja, wakubwa wakiwasukuma wadogo. Nikawa naitikia marahaba.

Sikujua kama wako wanne.