Kurasa Ulizozivuta

Shikamoo Baba,

Maharage yako kwenye chungu jikoni. Funga mlango, kuku wasiingie. Balozi wa nyumba kumi akiuliza, shamba la kijiji nitalima Jumatatu.

Tangu tumzike Mama sijamaliza kitabu hata kimoja, umeona mwenyewe. Wiki hii kimoja kikanishika, nikapanga Jumamosi yote niote moto nisome. Asubuhi nakuta kurasa za mwisho umezisokotea tumbaku! Nikapandisha sauti, nawe ukasema, “Si karatasi tu, mama?”

Naenda Litembo kwa nesi Zita, anayo nakala nyingine. ~~Nitalala huko huko.~~ Nitarudi jioni, uwe umekoka moto. Kesho baada ya misa nitakusomea huo mwisho kwa sauti, ujue ulivuta nini.

Maneno yangu ya asubuhi siyafuti, wala radhi siombi.

Binti yako,
Perpetua