Saa ya ua moja la pamba

Jumamosi. Mvua ilipiga alfajiri, na matope yamefika mpaka mlangoni kwangu hapa Kambarage. Mikono bado inanuka vanishi. Nina hasira, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Saa niliyoihangaikia wiki nzima imekataliwa. Na aliyeikataa ni Mayu, mama yangu mzazi.

Natengeneza saa za mapambo, ndiyo kazi yangu. Nakata ubao wa mviringo, napiga msasa, nachora, kisha natia mashine ya betri. Hii ilikuwa ya Mayu, anayeishi kule Didia. Ana presha. Kidonge cheupe anameza saa mbili asubuhi, cha pinki saa mbili usiku. Hajasoma, tarakimu hazijui, na wiki mbili zilizopita alimeza cha pinki mara mbili kwa siku moja. Alianguka zizini. Jirani ndiye aliyemwinua.

Nilipofika, badala ya kumpa pole, nilimfokea. Nilimwambia, "Mayu, hata kuangalia saa ni kazi?" Maneno hayo yananiuma mpaka leo.

Ndiyo maana nikaamua kumtengenezea saa isiyo na tarakimu, ya maua matupu. Nikaingia kwenye simu, nikatafuta maua ya majira ya kuchipua ya huko Ulaya. Nikachora kumi na mawili, yote yana umbo la kikombe, yote yanapendeza. Nilijiona fundi kwelikweli.

Leo nimeipeleka. Mayu akaishika, akaigeuzageuza.

"Nzuri, mwanangu. Haya maua ng'ombe wanakula?"

"Ni ya Ulaya, Mayu."

"Sasa mimi nitayajuaje? Yote yamefanana."

Mayu akatoka kwenda shambani, nyuma ya nyumba, ambako pamba imechanua. Akarudi na maua mawili, moja jeupe, moja la pinki. Kumbe yote ni ya mche mmoja. Akanieleza kwamba ua la pamba huchanua likiwa jeupe, na siku ya pili hubadilika rangi, limeshazeeka.

"Jeupe ni asubuhi," akasema. "Hili lingine limechoka, ni usiku. Nichoree ua hili la pamba."

Nimekulia kwenye pamba. Nimechuma pamba tangu utotoni. Sikuwahi kuliona hilo.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe na wewe kuna vitu huwezi kusoma!"

Basi nimeshapiga msasa maua yote kumi na mawili, ubao umebaki mtupu. Nitachora ua moja tu, pale kwenye saa mbili, nusu jeupe, nusu pinki. Mshale mfupi ukiligusa, anameza dawa. Akiona jua, cheupe. Akiona giza, cha pinki. Mshale mrefu nimeung'oa, ungemchanganya bure. Mafundi wenzangu wakiniuliza saa gani hii ya mshale mmoja, waulize tu.

Kesho nachora, Jumatatu napaka vanishi, Jumanne niko Didia na nyundo na msumari.

Ila msumari utasubiri. Kwanza nitapiga magoti mbele ya Mayu, nimwambie lile neno ambalo leo, pamoja na vicheko vyote vile, nimeondoka bila kulisema: nisamehe.